Barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Mombasa: upasuaji wa nyonga usiishie kitandani

Kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waziri wa Kaunti anayesimamia Afya, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti, na wasimamizi wa hospitali zote za umma zilizo chini ya kaunti hii.

KUH: HAKI YA MGONJWA ALIYEPASULIWA NYONGA KUTEMBEA TENA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkazi wa Mji wa Kale, mstaafu, na mtu aliyevunjika nyonga, akapasuliwa, akatiwa chuma, na sasa anatembea kwa bakora. Sina budi kuanza kwa shukrani, kwa sababu madaktari na wauguzi walionihudumia walifanya kazi yao kwa ustadi na upole, na kidonda changu kilifunga vizuri. Malalamiko yangu hayahusu chumba cha upasuaji. Yanahusu kinachotokea, au tuseme kisichotokea, tangu mgonjwa anaporudishwa wodini hadi siku anapoweza kufika dukani, msikitini au kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Hospitali iliyonitibu sitaitaja, maana nimezungumza na wagonjwa waliotibiwa kwingine na habari zao hazitofautiani sana na zangu.

Ili tuelewane, kuvunjika nyonga ni kuvunjika kwa ncha ya juu ya fupa la paja, ama kwenye shingo inayolishikilia lile tufe linaloingia ndani ya kikombe cha nyonga, ama chini kidogo ya shingo hiyo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa inayolipelekea tufe damu huumia, na tufe laweza kufa. Ndiyo maana kwa mtu mzima wa umri mkubwa daktari mara nyingi huliondoa na kutia la chuma. Pakivunjika chini ya shingo, mfupa hufungwa kwa bamba na skrubu, au hupenyezwa msumari mrefu ndani yake. Aina zote hizi za upasuaji, kwa mzee, zina shabaha moja: mguu uweze kubeba uzito mapema, kabla mfupa wenyewe haujaunga, kwa kuwa mfupa huchukua miezi kuunga na mzee hana miezi ya kulala. Kwa hiyo mgonjwa anayetiwa chuma kisha akaachwa kitandani wiki nzima amepewa kitu cha gharama kubwa na kunyimwa kile ambacho kitu hicho kilitengenezwa kukileta.

Kitanda si mahali salama kwa mzee. Mapafu yasiyotanuka hukusanya makohozi na kuleta nimonia, damu iliyotulia miguuni huganda na donge lake laweza kusafiri hadi kwenye mapafu, ngozi ya makalio na visigino huoza kwa kugandamizwa, na akili nayo huchanganyikiwa kwa maumivu, dawa na kutojua mchana na usiku. Juu ya hayo kuna misuli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwachukua wazee wenye afya njema, wasiovunjika chochote, ukawalaza kitandani kwa siku 10 tu, na wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Mwenye kidonda, asiye na hamu ya kula, hawezi kuwa na hali bora kuliko wao.

Kwa sababu hizo, mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 unataka mgonjwa wa nyonga apasuliwe siku anayofika hospitali au siku inayofuata, na akishapasuliwa ainuliwe kitandani kesho yake, isipokuwa pakiwa na sababu ya kitabibu ya kumzuia, kisha mazoezi yaendelee angalau mara moja kila siku. Wana pia daftari la taifa, lililoanzishwa mwaka 2007, ambamo kila hospitali huandika kama mgonjwa aliinuliwa kwa wakati, na hufuatilia hali yake takriban siku 120 baadaye. Hata huko, wanaorudia hali yao ya zamani ya kutembea ni kama nusu tu, wakipungua au kuzidi kidogo. Mwenye kusoma hayo ajiulize kwetu, ambako hakuna anayehesabu, hali ikoje.

Najua jibu lililo karibu ni kwamba sisi si Uingereza, fedha hazitoshi na watumishi ni wachache. Ni kweli. Lakini kumwinua mgonjwa kitandani hakuhitaji mashine wala umeme. Kunahitaji dawa ya maumivu itolewe nusu saa au saa moja kabla, watu wawili wanaojua pa kushika, kiti imara chenye mikono, na fremu ya kutembelea. Siku ya kwanza anakaa ukingoni mwa kitanda miguu ikigusa sakafu, anapumua mpaka kizunguzungu kipite, anasimama, anasogeza fremu, kisha mguu mgonjwa, kisha mguu mzima, hatua chache mpaka kwenye kiti, na chakula cha mchana anakila akiwa ameketi kwenye kiti hicho. Basi. Hilo ndilo jambo kubwa tunalolikosa.

Mimi nilipasuliwa mwisho wa wiki. Nilipouliza nitasimama lini niliambiwa nimsubiri mtu wa mazoezi, na mtu wa mazoezi hafanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Wauguzi hawakuwa wavivu. Hawakuruhusiwa, au waliamini hawakuruhusiwa, kuniinua bila yeye. Alipokuja, kijana hodari mwenye maneno mazuri, alikuwa peke yake na orodha ya wodi nzima na wagonjwa wa nje wanaomngoja kwenye korido. Alinifundisha kukunja na kukunjua kifundo cha mguu, kukaza msuli wa paja, kisha akanisimamisha, na tulipofika hatua ya tatu simu yake ikalia. Simlaumu. Ninalaumu mpango unaoweka kazi ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake mikononi mwa mtu mmoja kwa siku tano za wiki, kana kwamba nyonga zina likizo.

Kisha nikaruhusiwa. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka, na mwanangu aliyeisoma alielewa kwamba nisikanyage mguu mpaka nirudi kliniki ya mifupa. Nilikaa hivyo, nikirukaruka kwa mguu mmoja mle chumbani na kuchoka kabla sijafika mlangoni. Daktari wa kliniki aliponiona akashangaa: "Mzee, mbona hujaanza kukanyaga? Chuma hiki tulikitia ukikanyage." Wiki zote hizo zilipotea kwa sababu ya mstari mmoja usiosomeka. Na jambo hili si dogo, kwa kuwa madaktari wa mifupa siku hizi humruhusu mzee aliyepasuliwa nyonga, katika hali nyingi, kukanyaga kadiri anavyostahimili tangu mwanzo, na wanajua kwamba mzee akiambiwa akanyage nusu uzito, au asikanyage kabisa, hawezi kulitii agizo hilo ila kwa kutotembea. Palipo na sababu ya kumzuia, mpasuaji aiandike wazi. Pasipo na sababu, aandike vilevile wazi kwamba mgonjwa akanyage.

Nyumbani ndiko kazi yenyewe iliko, na ndiko karatasi za hospitali zisikofika. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina ngazi nyembamba zilizosimama karibu wima, na nyingine hazina hata pa kushika. Kanuni ya ngazi inafundishika kwa dakika moja: unapopanda, mguu mzima hutangulia, unaposhuka, bakora na mguu mgonjwa hutangulia, hivyo kazi nzito ya kuinua na kushusha mwili hubaki kwa mguu wenye nguvu. Bakora nayo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, kwa kuwa huko ndiko inakoipunguzia nyonga mbovu mzigo. Simama Makadara jioni uwatazame wazee wanaopita na bakora zao uone ni wangapi wamewahi kuambiwa hivyo.

Halafu kuna choo. Aliyetiwa tufe la chuma huonywa na madaktari wengi, kwa wiki za mwanzo, asiikunje nyonga kupita pembe mraba na asipishanishe miguu, ili tufe lisichomoke. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchutama. Mgonjwa anayetii onyo hilo hana pa kwenda haja, na asiyetii anahatarisha upasuaji wote. Watu wanajitatulia: mafundi wa mtaani hutoboa kiti cha plastiki katikati na kukiweka juu ya shimo, na mimi nilitumia hicho, lakini miguu ya kiti cha plastiki hupanuka juu ya sakafu yenye maji na mtu huanguka mara ya pili. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyezoea kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kwa anayekula mkekani, na kwa anayeswali kwa kusujudu: kila mmoja anahitaji kuambiwa kabla hajatoka wodini kwamba kwa muda fulani atatumia kiti kirefu, na kwamba dini yake inamruhusu kuswali akiwa amekaa kitini. Mashekhe wetu hulieleza hili la mwisho vizuri kuliko hospitali, na sioni kwa nini wodi isiwaombe.

Kuna bibi wa mtaa wa pili, aliyepasuliwa karibu na wakati wangu, ambaye hakusimama tena. Jamaa zake hawakumtupa. Walimlisha kwa kijiko, walimgeuza, walimfukizia udi chumbani, na kila aliyekwenda kumjulia hali alisema maneno tunayoyasema sote, mwacheni apumzike. Hakuna mtu wa hospitali aliyekuwa amewaambia kwamba kumpenda wakati ule kulikuwa ni kumwinua mara kadhaa kwa siku, alie asilie, baada ya kumpa dawa yake ya maumivu. Vidonda vya mgongoni vilimmaliza. Waheshimiwa, familia za Mombasa zina mikono ya kutosha. Hazijapewa maelekezo tu.

Sasa niseme juu ya fremu, kwa sababu ndipo penye kichekesho. Hospitali iliniruhusu bila fremu, ikiniambia niinunue. Ya dukani, nyepesi, ya aluminiamu, ilikuwa na bei isiyolingana na pensheni yangu, na kwa mzee anayeishi kwa shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ndiyo kabisa haifikiki. Mpwa wangu akamwendea fundi wa jua kali akaniundia moja kwa mabomba ya maji. Ilikuwa imara kama geti, na uzito wake haukuwa mbali na wa geti. Urefu wake ulikuwa wa fundi, si wangu, nayo haikuwa na mipira kwenye nyayo zake, ikateleza kwenye vigae mpaka tulipokata vipande vya gurudumu kuukuu tukavifunga kwa waya. Fremu inayofaa hupimwa: mtu akisimama wima mikono ikining'inia, vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo anaposhika. Mabomba membamba ya chuma chepesi, yenye matundu ya kurekebishia urefu, na mipira minne ya chini. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuiunda akipewa kipimo sahihi.

Vyuo vya ufundi vya vijiji, kwa Jedwali la Nne la Katiba, viko chini ya kaunti, kama vilivyo hospitali za kaunti na zahanati. Kwa nini wanafunzi wa uchomeleaji wasiunde fremu na viti vya choo kama sehemu ya mafunzo yao, vikaguliwe na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani yule mtu wa mazoezi, kisha kila hospitali iwe na stoo ya kuazimisha? Mgonjwa anaacha dhamana ndogo, anaitumia fremu kwa miezi anayoihitaji, anairudisha, inakaguliwa mipira yake na kupewa mwingine. Asiye na dhamana asidaiwe. Mimi fremu yangu ya bomba ingali uani, kuku wanalala juu yake, na ningefurahi kuibadilisha na kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukibeba.

Jambo linalofuata ni umbali. Mgonjwa wa Likoni anayetakiwa kuja kisiwani kwa mazoezi ya muda mfupi hupanda tuktuk hadi kivukoni, huteremka mteremko wa feri akiwa na magongo katikati ya umati unaokimbia, husimama au hutafuta pa kukaa, hupanda mteremko wa pili, hupanda tuktuk nyingine, na hulazimika kuja na mtu wa kumshika ambaye naye amepoteza kibarua cha siku. Akifika ameshachoka kuliko mazoezi yenyewe yangemchosha. Atakwenda mara ya kwanza, labda ya pili. Kisha ataacha, na kwenye faili itaandikwa kwamba hakuhudhuria.

Kuna hospitali za kaunti ndogo Likoni, Port Reitz na Tudor. Ninaomba mtaalamu wa fiziotherapia apatikane katika kila moja kwa siku zinazojulikana na kutangazwa, awe na chumba chenye ngazi mbili za mazoezi na vyuma sambamba vya kushika, na awe na ratiba ya kuwafikia majumbani wale wasioweza kutoka katika wiki za mwanzo. Wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari wanazunguka mitaani nao wafundishwe mambo machache: kumsimamisha mgonjwa kutoka kitini mara kadhaa bila kutumia mikono kadiri anavyoweza, kuangalia visigino na makalio, kuangalia kama shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, kuondoa zulia linaloteleza, na kujua ni lini wampigie simu mtaalamu. Mfuko wa Afya ya Msingi ulianzishwa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Mazoezi ya kutembea yakifanyiwa huko, yatakuwa karibu na mgonjwa na karibu na fedha hizo pia. Mazungumzo na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia mfuko huo, juu ya hilo ni juu yenu, si juu ya mgonjwa.

Chakula na dawa nitavitaja kwa ufupi. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana mifupa iliyopungua uzito, hasa akiwa mwanamke aliyekoma hedhi zamani, na ipo hatari ya kuvunjika tena upande wa pili. Anastahili kupimwa au kuanzishiwa dawa ya mifupa kabla hajasahauliwa, anahitaji protini ya kutosha, ambayo Mombasa ina samaki, mayai na maharagwe ya kuitoa, na anahitaji mtu wa kupitia dawa zake za presha na za usingizi aone ipi inamtia kizunguzungu usiku.

Kinachobaki ni kuhesabu. Kila hospitali inayopasua nyonga iandike mambo mawili tu: ni wagonjwa wangapi walisimama siku iliyofuata upasuaji, na ni wangapi wanatembea miezi minne baadaye, kwa kuwapigia simu. Takwimu hizo zibandikwe ukutani na zipelekwe kwa Kamati ya Afya kila robo ya mwaka. Siamini kwamba msimamizi yeyote atapenda kuona sifuri ya Jumapili ikijirudia mwaka mzima chini ya jina la hospitali yake. Hatua hii haigharimu kitu zaidi ya daftari na salio la simu, na ningeomba ianze hata kabla ya nyingine zote.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 57 kinawataka wenye mamlaka wahakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Mzee anayebebwa mgongoni kwenda chooni kwa kukosa fremu hajafikiwa na kifungu chochote kati ya hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Ninaomba majibu ya maandishi, kabla ya tarehe hiyo, juu ya mambo haya: kama wodi za mifupa zitapewa agizo la kuwainua wagonjwa siku inayofuata upasuaji, wikendi zikiwamo, kama karatasi ya kuruhusiwa itaandikwa kwa Kiswahili, ikisema wazi mgonjwa akanyage au asikanyage na kwa sababu gani, kama makadirio yatakuwa na fungu la fremu za kuazima na la nafasi za wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali nilizozitaja, na ni ofisa gani atakayewajibika kwa hesabu ya wanaotembea. Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kikiitishwa nitahudhuria, ila ninaomba kifanyike katika ukumbi wa chini, au penye ngazi zenye pa kushika.

Wenu mwaminifu,

Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa